Bangili ya Kalista

Ubaldo alikuwa Mfipa, wa ukoo wa watu wa malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo babu zake waliyeyushia chuma. Kwa hiyo mgodi mdogo ulipofunguliwa vilimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Mpanda, hakuna aliyeshangaa kuona amekabidhiwa tanuri. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne.

Mawe ya pale yalikuwa mekundu kama damu iliyokauka, na yalikuwa na ukaidi wake. Ndani yake mlikuwa na shaba, fedha kidogo, salfa na zebaki, vyote vimeshikana kama ndugu wanaogombana kila siku na hawahami nyumba. Ubaldo aliyachoma. Salfa ilitoka na moshi, ikikereketa koo. Zebaki ilipanda mvuke, ikapita kwenye bomba refu lililopozwa kwa maji, ikashuka imejificha ndani ya masizi. Masizi hayo aliyamwaga juu ya ubao ulioinama, akachanganya chokaa, kisha akayalima kwa jembe, polepole, kama mtu anayepalilia ulezi, mpaka matone yakaanza kutoka, yakafukuzana, yakateremka chunguni. Mawe yaliyokwisha kuungua, yenye ile shaba na fedha, yalitiwa magunia yakaenda kwa wenye mitambo mikubwa.

Kazi aliipenda. Ila mwaka wa pili mikono ilianza kutetemeka.

Hilo lilikuwa jambo zito, maana kila Jumamosi asubuhi nyapara Telesphor aliwapanga watu wa tanuri, akampa kila mmoja kikombe cha bati kilichojaa maji mpaka ukingoni, atembee nacho hatua kumi. Anayemwaga anahamishiwa kubeba mawe. Na mgongo wa Ubaldo ulikwisha kukataa mizigo siku nyingi. Kwake, kumwaga maji yale ilikuwa ni kufungasha na kurudi Ufipa.

Akafikiri sana, akaona kosa lake. Babu zake wakati wa kuyeyusha hawakulala na wake zao. Tanuri lenyewe lilikuwa mke, tena mwenye wivu. Ukimchanganya na wa nyumbani anakuharibia chuma, na mwili pia. Yeye alikuwa anarudi nyumbani kila jioni.

"Nahamia tanurini," alimwambia mkewe, Kalista.

"Mpaka lini, Baba Felista?"

"Mpaka mikono itulie."

Kalista aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akavua bangili yake ya shaba, ile aliyoolewa nayo.

"Tundika hii unapolala. Huyo mke mwenzangu ajue kwamba kuna mkubwa wake."

Ubaldo akatandika mkeka chini ya bomba, mahali penye joto zuri, akaitundika bangili kwenye nguzo. Rehani, Mnyamwezi aliyechochea moto, alikuwa mtani wake, hakumwacha.

"Mfipa, umeoa udongo. Mahari umetoa?"

"Nimetoa meno," alisema Ubaldo. Mwezi ule yalikuwa yamemdondoka mawili.

Mikono haikutulia. Mate yalimjaa mdomoni, fizi zikavimba, usingizi ukamkimbia. Basi akazidisha mwiko. Akaacha hata kwenda nyumbani kula. Kalista akawa anamwachia chungu cha chakula njiani na kugeuka. Jumamosi kwa Jumamosi alivuka hatua zake kumi kwa kubana viwiko mbavuni, na kila mara maji yalicheza zaidi ukingoni.

Ijumaa moja mchana, amechoka kupita kiasi, alitamani kuishika ile bangili, apate moyo wa kesho. Aliponyoosha mkono alidhani mtu amembadilishia. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama fedha. Akaipitishia kidole, tone dogo likakimbia.

Alijua zebaki inavyoing'ang'ania shaba. Aliona kila siku. Lakini hii haikugusa chungu wala masizi. Akatazama juu. Kwenye kiungo cha bomba, udongo wa kuzibia ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Chini yake, sawasawa, ndipo alipoweka kichwa miezi miwili, akivuta mvuke ule.

"Rehani," aliita. "Hii ni ya mke wangu."

Rehani aliigeuzageuza kwenye mwanga wa moto. Hakutania.

"Ilikuwa nyekundu," alisema.

"Ilikuwa nyekundu."

"Kesho nitasimama nyuma yako, nikushike kiwiko. Telesphor haoni vizuri."

"Na Jumamosi nyingine?"

Rehani akarudi kwenye moto wake.

Asubuhi Telesphor alipompa kikombe, Ubaldo alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini palepale.

"Tembea, mzee," nyapara alisema.

"Nimekwisha kutembea, bwana nyapara. Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimwonyesha ufa. Telesphor akasema utazibwa. "Zibeni," Ubaldo alisema, "lakini nyie, mtu yeyote asilale hapa tena." Kisha akakunja mkeka.

Nyumbani Kalista aliisugua bangili kwa majivu mpaka kiganja kikamuuma. Weupe haukutoka.

"Iache," Ubaldo alisema. "Usiivae tena."

Kalista akamletea uji. Bakuli lilipoanza kucheza mikononi mwa mumewe, akachutama mbele yake, akalishika upande wa pili, wakalipandisha pamoja mpaka mdomoni. Mizigo ya kwenda Ufipa ingefungwa baadaye.