Fundi wa Migongo

Fundi wa mabango wa Nyahanga hana mpinzani kwa kuchora migongo. Kwenye bango la bucha amepanga wanaume waliokupa mgongo, na mwenye bucha anajigamba kuwa kwake foleni haiishi. Rangi huichanganyia kiganjani, huku akipiga mluzi. Mama Shadya, mwenye shule ya chekechea, alimwagiza bango la familia yenye furaha. Akakuta mama anacheka, watoto wanacheka, na baba, amevaa koti, anaelekea machimboni, sururu begani.

“Fundi, mgeuze basi baba awatazame wanawe.” Brashi ikapanda hadi kwenye kichwa kile, ikasita, ikashuka. “Sura yake siikumbuki, mama. Siku anakwenda Geita nilikuwa na miaka minne, nimesimama nyuma yake.” Mama Shadya akakohoa, akasema angalau koti limemkaa vizuri.