Mkia wa Buabua

Jumanne, tarehe 9 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na ule unyevu ambao Mama Pamba huuchukia kwa sababu gundi haikauki.

Kazi yake katika jumba letu la makumbusho ni kukausha ndege waliokufa na kuwajaza pamba wasimame kama walio hai. Safari hii alikuwa na buabua, ndege wa bahari ahamaye kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, aliyeokotwa ufukweni. Mwili wa kijivu hafifu, kofia nyeusi iliyoshuka hadi usawa wa macho, vijiguu vifupi kama vya kuazima. Mdomo ulikuwa umepauka. Akaupaka upya wekundu wake. Lakini kilichompa kiburi ni mkia: manyoya mawili ya pembeni, membamba, yaliyopita mengine yote kwa urefu.

"Ukiyaondoa haya," alituambia, "umebaki na njiwa aliyevaa kofia."

Wageni walikuwa waje kumtazama kesho yake. Mchana shemeji yake, seremala, akaleta sanduku la kioo. Ndege akaingia, mkia ukabaki nje.

"Shemeji, ulipima nini?"

"Ndege. Kutoka mdomo mpaka mwisho wa mwili."

"Na mkia?"

"Mkia si mwili, shemeji. Ni pambo tu."

"Kama masikio yako. Yapo, hayasikii."

Akaenda kumwomba mkuu wa jumba aahirishe. Mkuu akakataa, wageni wameshaalikwa. Aliporudi alimkuta shemeji ameshika mkasi, uso umemchangamka kama mtu aliyetoa msaada. Nusu ya unyoya mmoja ilikuwa juu ya meza.

"Bado huo wa pili tu, shemeji, tumalize."

Mama Pamba alimnyang'anya mkasi. "Toka. Toka kabla sijakujaza pamba."

Alasiri yote aliinama mezani. Ubua wa unyoya, ule uti wake wa katikati, una uwazi ndani. Akapenyeza uzi wa waya, akaunga vipande viwili, akatia tone la gundi, akapepea kwa kifuniko cha faili huku akinung'unika majina ya ukoo mzima wa mumewe. Ukashika.

Asubuhi iliyofuata, kabla seremala hajafungua karakana, alimkuta Mama Pamba mlangoni na sanduku ubavuni, akidai liongezwe upande wa nyuma kabla wageni hawajafika. Seremala akatoa futi yake.

"Lete hapa," akasema Mama Pamba. "Leo napima mimi, wewe shika msumeno."