Niliagiza Mayai ya Bata Bukini Mtandaoni, Waliototolewa Wanataka Kunivunjia Ndoa

Admin, nifichie jina tafadhali, na zile picha nilizokutumia inbox usiziweke. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Karatu, nina watoto wawili. Mume wangu, nimwite Baba J, ni dereva wa watalii, anashusha wageni kreta, kule hifadhini kwa wanyama, karibu kila wiki. Mimi nabaki nyumbani na mashine yangu ya kutotolesha vifaranga. Nimetotolesha kuku chotara muda mrefu na mtaani wananijua kwa hilo.

Kilichoniponza ni video. Niliona bata bukini wanamfukuza mwizi mpaka anaacha kiatu, nikasema hawa ndio ninaowataka, maana Baba J akiwa safari nabaki peke yangu na watoto, na wezi walishatuvunjia stoo. Nikampata muuzaji mtandaoni, kaka mwenye maneno matamu, kila sentensi "dada yangu". Mayai yakaja kwa basi ndani ya boksi lenye pumba za mpunga. Yalikuwa madogo kuliko nilivyotegemea, mengine yana matope. Nilipouliza akajibu, "Dada yangu, bukini wangu wanashinda bwawani, ndiyo maana. Weka kwenye mashine, utanishukuru." Nikaweka.

Jamani, niliyahangaikia yale mayai. Baridi ya huku mnaijua. Umeme ukikatika nafunika mashine kwa blanketi, nazungushia chupa za maji ya moto, watoto wanavaa masweta tu. J, binti yangu mkubwa, alikuwa anayamulika kwa tochi ya simu na kupiga kelele, "Mama, anacheza humo ndani!" Wakatoka sita, wa kahawia na nyeupe, na tangu siku hiyo wakaamua mimi ndiye mama yao. Nikienda kuanika nguo wako nyuma. Nikiingia chooni wanalia mlangoni. Sidanganyi, nilifurahi.

Baba J alikuwa na safari ndefu za mfululizo. Aliporudi walikuwa wameanza kuota manyoya. Alikuwa amekaa kizingitini anavua buti, wale bata wakapita wote kwa mstari kunifuata jikoni. Akaacha buti moja mguuni. Akamkamata mmoja, akamgeuza geuza, uso ukambadilika.

"Mama J, hawa umewatoa wapi?"

"Si ndio wale bukini niliokuambia."

"Bukini gani? Hawa ni bata mwitu! Hawa nawaonyesha wageni kila siku kule kreta!"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Akanifungulia kitabu chake cha ndege, kile anachotembea nacho kwenye gari, akanionyesha. Picha ilikuwa ya hawa hawa wangu. Akasema, "Unajua hizi ni nyara za serikali? Nani ataamini dereva anayeshuka kreta kila wiki hakuyachukua yeye mwenyewe hayo mayai? Leseni imekwisha, kazi imekwisha, na jela naenda."

Nilimtumia muuzaji picha. Akajibu, "Labda umechanganya na mayai mengine dada," kisha akaniblock.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini Buger, akawaangalia, akasema, "Chinja, watoto wapate mboga, habari iishe." Baba J naye akataka wauawe na kufukiwa. Nilichukua kisu, nawaambia ukweli. Nikamshika mmoja, akaingiza kichwa kwapani kwangu akatulia kama mtoto anayetaka kulala. J alikuwa dirishani analia. Nikakitupa kile kisu.

Nikaona basi niwarudishe porini. Nikawabeba kwenye tenga mpaka bwawa moja lililo mbali na nyumba, kuna bata wa aina yao. Niliwaachia majini nikaondoka haraka bila kugeuka. Nikasikia kelele. Wale wakubwa walikuwa wanawadonoa na kuwafukuza, na wangu wanakimbia kunifuata, wameloa, mmoja anachechemea. Nilikaa pale njiani nikalia kwa sauti. Mzee mmoja mchunga ng'ombe akaniuliza, "Mama, umefiwa?" Nikafuta machozi kwa kanga. Nikawarudisha kwenye tenga, nikarudi nao nyumbani.

Kaka yangu wa Moshi ananiambia niende mwenyewe ofisi ya wanyamapori nieleze ukweli, meseji za muuzaji si ninazo. Nilipomwambia Baba J akapandisha sauti, "Jina lako likiandikwa pale, la kwangu linafuata!" Tangu hapo akawa hali chakula changu, mpaka akaondoka tena safari. Na juzi jirani yangu ameweka picha yao kwenye status, kaandika "bata wazuri wa jirani yangu." Nilimbembeleza aitoe, akaitoa, lakini ananiuliza kwa nini naogopa. Sijui nani ameshaiona. Nikisikia gari linasimama nje, nawakimbiza stoo.

Leo Baba J amenipigia kutoka Serengeti. Hakunisalimia. Amesema, "Keshokutwa narudi. Nisiwakute hao bata, au nisikukute wewe." Akakata. Huyu mwanaume hajawahi kunitamkia maneno kama hayo tangu anioe, na najua si ukatili, ni hofu. Anasomesha wadogo zake kwa kazi ile ile.

Asubuhi mmoja wao alipiga mabawa, akainuka akapita juu ya uzio. Nikasimama na ndoo mkononi, namwomba Mungu, aende, aende tu. Akazunguka juu ya mahindi ya jirani, akarudi, akatua miguuni pangu.

Niwaue kwa mikono hii hii iliyowatotolesha? Niende ofisini nimponze mume wangu? Au nifunge mizigo niondoke nao? Wenye kujua sheria semeni, na wenye ndoa semeni pia. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Keshokutwa ni karibu, ndugu zangu, nishikeni mkono.