Vizibo vya Mkonge

Basi lilipofika Mombo wachuuzi walilizunguka kabla halijasimama sawasawa, mabeseni yakapanda mpaka madirishani: mahindi ya kuchemsha, mayai, karanga, peasi za Lushoto. Joyceline alikuwa amesinzia tangu Same. Aliamshwa na mkono wa abiria mwenzake uliopita mbele ya uso wake kupokea chenji, na hapo akakumbuka maneno ya mjomba kwenye simu: "Ukipita Mombo ninunulie peasi. Zile zilizoiva mpaka zinanukia." Akanunua fungu moja, akalipakata.

Korogwe hakuwahi kufika. Mama yake alizaliwa huko, kwenye kambi ya mkonge, akatoka akiwa na miaka kumi na saba, na hakurudi hata kuzika. Joyceline mwenyewe alizaliwa Arusha, akafanya kazi za hoteli Arusha, Mombasa, kisha Maskati. Alijua kumkaribisha mtu mezani kwa lugha tano, na alijua kumimina mvinyo bila kudondosha tone kwenye kitambaa. Hoteli ya mwisho ilipofunga milango alirudi na begi moja. Mjomba Fabiani, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyempigia. Alihitaji mtu wa kukaa nyumbani siku tano, alishe kuku na kumwagilia mzabibu.

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Dodoma. Kuna tamasha la mvinyo."

Joyceline alidhani simu inakatakata.

Alimkuta stendi, mzee mwembamba, koti limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Loo! Mama yako mtupu. Hata miguu ya kutembea-tembea umechukua yake." Akapokea mfuko, akatoa peasi moja, akaiweka puani na kufumba macho. "Aaa. Hizi ndizo."

Nyumba yake ilikuwa Masuguru, vyumba viwili na uwanja uliofagiliwa. Nyuma yake, juu ya kichanja cha milingoti ya mkonge, mzabibu mmoja ulikuwa umetandaa, majani yake yamepigwa na ukungu mweupe, maana zabibu haipendi unyevu wa bonde hili. Mama Mwaija, jirani, alikuwa amekaa kizingitini kwake akichambua mchicha.

"Ndiye huyo mpwa?" aliuliza. "Karibu mwanangu. Mjomba wako kakwambia anakwenda kuhiji? Sisi Waislamu wa kwetu Mazingara, Mungu akitujalia, tunahiji Makka. Huyu kila mwaka anahiji Dodoma!"

"Na wewe ukirudi Makka utaniletea zamzam," Fabiani alijibu. "Mimi nikikuletea yangu hunywi."

"Niletee zabibu kavu, mzee. Hizo hazina kesi."

Walicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho Joyceline kumsikia mjomba akicheka.

Mchana alimsimulia mambo yake, na hakuwa mtu wa kusimulia kwa mpango. Baba yake aliletwa kutoka Kibondo kuwa manamba, kibarua wa mkonge, akafia mashambani. Fabiani aliingia kiwandani akiwa kijana, akakaa miaka thelathini na moja kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza singa, nyuzi zake. Maji ya mkonge yanawasha, yanachubua mikono, na makapi yake yakioza hunuka mpaka mtu anasahau kwamba kuna harufu nyingine duniani. Kisha mwaka mmoja kwaya ya parokia ilialikwa Dodoma kwenye jubilei. Mkulima mmoja aliwapeleka shambani kwake, akawamiminia kidogo kidogo. Wenzake walikunywa kwa mkupuo wakaomba tena. Fabiani aliambiwa anuse kwanza.

"Nikanusa," alisema. "Joyce, nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Sikujua kama pua yangu inaweza kazi ile. Nilisikia mvua. Nikasikia ngozi ya ng'ombe, nikasikia jamu. Vyote ndani ya kikombe kimoja! Nilitaka kulia, ila nilikuwa na wanakwaya."

Tangu siku hiyo alianza daftari la kuandika alichonusa. Tamasha lilipoanzishwa akawa hakosi. Analala Handeni kwa rafiki yake Sufiani, dereva wa zamani wa matrekta, na alfajiri anapanda basi la Dodoma. Mwaka mmoja alirudi na kipande cha mzabibu kilichofungwa kwenye gunia bichi. Aliyekipanda ni mkewe, Rosa, ambaye hakupata kunywa mvinyo maishani ila ule wa altareni. Rosa aliupalilia miaka sita bila kupata zaidi ya kishada cha kutupia kuku. Akafa. Mwaka huu, wa pili baada ya kumzika, mzabibu ulizaa, na Fabiani akapata chupa sita.

Alitoa kadi ya plastiki yenye kamba, akamwonyesha. Ilikuwa na jina lake lote, na chini yake: Mtengenezaji.

"Miaka yote nakwenda kama mtu wa kuonja. Safari hii nimepewa nusu meza. Watakuja wanaojua, watanusa, wataniuliza, mzee, hii tuieleze vipi? Sasa wewe umekaa hotelini na watu hao. Utaonja, unipe maneno."

Joyceline alikuwa ameanza kuhisi kitu na hakuweza kukitaja. Kisha akakijua. Maharage yalikuwa yanaungua. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la mkaa, hatua mbili kutoka magoti ya mjomba, moshi mwembamba wa bluu umeanza kutoka pembeni ya kifuniko, na harufu ilikuwa imejaa ukumbi mzima. Mama Mwaija aliita kutoka kwake: "Jamani, huko kuna mtu au mmehama?" Fabiani alikuwa anafuta kadi yake kwa mkono wa koti.

Joyceline akaipua sufuria. Mjomba akatazama moshi, kisha akamtazama yeye, haraka, kama mtu aliyefumwa.

"Maneno matamu haya," alisema. "Yanasahaulisha chungu."

Alasiri alileta chupa moja. Zote sita zilikuwa chumbani, zimelazwa juu ya gunia, maana Dodoma alifundishwa kuwa mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke. Vizibo vya kweli alikuwa navyo, alivikusanya tamasha baada ya tamasha na Rosa akavihifadhi kwenye mkebe. Baada ya Rosa mkebe uliachwa chini, mchwa wakavila. Kwa hiyo alichonga vingine. Watoto wa kambini hawakosi kitu penye mlingoti wa mkonge. Wamejengea magoli ya mpira, ngazi, paa na mabanda ya kuku. Ukikauka ni mwepesi kama sifongo na unachongeka kwa kisu cha jikoni. Fabiani alikata, akachonga, akapigilia.

Alikizungusha kizibo taratibu, akamimina kwenye glasi mbili. Rangi ilikuwa nzuri, ya damu ya mzee. Akazungusha glasi yake, akaingiza pua, akafumba macho.

"Zambarau," alisema. "Moshi wa mbali. Na mwishoni kuna karafuu kidogo."

Joyceline alinusa. Palepale mkono wake ulisita. Lakini mjomba alikuwa anamtazama, akanywa.

Uliwasha. Ulianzia pembeni mwa ulimi, ukashika kaakaa, ukateremka kooni kama upupu. Nyuma yake kulikuja uchungu wa jani bichi lililosagwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akainama nje ya kibaraza akatema. Alipogeuka mjomba alikuwa amekunywa wake wote, ametulia, midomo imeanza kuvimba.

"Mjomba," alisema, "husikii?"

Fabiani alijipangusa midomo.

"Kinywani hakukuwashi?"

"Kunawasha. Nilidhani ni ukali wake. Mvinyo mpya huwa na ukali."

"Na harufu?"

Aliweka glasi chini ya kiti, polepole, kana kwamba ingeweza kuvunjika kwa kuulizwa. Daftari lilikuwa wazi pajani, na Joyceline aliusoma ukurasa kutoka alipokuwa amesimama. Zambarau. Moshi wa mbali. Karafuu mwishoni. Mwaka ulioandikwa juu yake ulikuwa wa nyuma, na mvinyo ulikuwa wa mtu mwingine.

"Tangu ile homa," alisema Fabiani. "Homa ileile iliyomchukua Rosa. Mimi iliniachia roho, ikachukua pua. Daktari alisema huenda ikarudi. Mwaka jana nilikwenda hivyohivyo. Nilisimama karibu na wanaonusa, nikaandika walichosema wao."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mama Mwaija? Angenihurumia, na nikihurumiwa na Mama Mwaija nitahama mji." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "Haya, usinifiche. Ni nini kimeingia?"

Joyceline alichukua kile kizibo mezani. Alikibinya, kikatoa unyevu. Alikinusa tu, hakuhitaji zaidi. Hata yeye ambaye hakulelewa kambini alijua, maana basi lilipita katikati ya mashamba hayo asubuhi.

"Mkonge, mjomba. Mlingoti haukukauka."

"Ulikuwa mweupe."

"Kwa nje."

Mzee alikipokea kile kizibo, akakigeuza kiganjani. Miaka thelathini na moja. Hakuna mtoto wa korona anayeshindwa kuujua mkonge mbichi. Gizani, usingizini, mtu anaujua kabla hajaugusa. Wala hakuna anayeujua kwa macho.

"Ningeziacha zimesimama," alisema, "labda mvinyo ungekigusa kidogo tu."

Wakazifungua zote. Ilikuwa lazima. Joyceline alinusa moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa, na mzee alisimama mlangoni akishika mwimo. Kwenye ya sita alimzuia.

"Onja hiyo. Najua inawasha. Lakini onja, uniambie, chini ya mkonge, chini kabisa, kuna nini? Ule wa Rosa ulikuwaje?"

Alionja. Alikaa nao kinywani kadiri alivyoweza, akitafuta, na alijua kwamba angeweza kusema chochote. Zambarau. Mvua. Jamu. Mzee angekiandika na kukibeba mpaka Dodoma, na nani angembishia? Akatema.

"Sijui, mjomba. Ulimi umeshakufa ganzi. Sisikii kitu."

Fabiani alitikisa kichwa kukubali. "Basi tuko wawili," alisema.

Asubuhi alivaa koti lilelile. Begi lake lilikuwa jepesi: shati, daftari, glasi aliyoizungushia khanga ya Rosa. Kadi aliivaa shingoni, kisha akaivua, akaitia mfukoni.

"Usiende, mjomba," Joyceline alisema. "Utafanya nini kwenye meza tupu?"

"Meza watampa mwingine. Mimi nakwenda kunusa. Pale kutakuwa na mivinyo mia na zaidi. Nitaanza ya kwanza mpaka ya mwisho. Moja ikinipenya, moja tu, nitajua imerudi."

"Na isipopenya?"

"Wewe mwagilia mzabibu asubuhi, si jioni. Jioni unaota ukungu." Akafikiri. "Na zile chupa usizimwage. Nitazimwaga mwenyewe."

Walikwenda stendi kwa miguu. Mama Mwaija aliwapungia kutoka kizingitini, akapaza sauti kumkumbusha zabibu zake kavu, na mzee akainua kofia. Basi la Handeni lilikuwa tayari linanguruma, konda anagonga bati. Fabiani alipanda bila kugeuka, akapata kiti cha dirishani. Joyceline alimpitishia peasi mbili zilizobaki. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Harufu yake ilikuwa imekaa mikononi mwake tangu nyumbani, tamu, karibu na kuoza.

Basi likatoka. Joyceline alibaki penye vumbi akiwa na ufunguo wa nyumba ya watu mkononi, akalitazama linakata kona. Mzee hakupunga. Alikuwa ameweka peasi puani, macho ameyafumba, ameishikilia hapo, anasubiri.