Zoezi Nililofanyia Migombani kwa Mama Naomi

Hii habari nikianza kuisimulia mke wangu huwa ananyanyuka anaenda kuosha vyombo hata kama ni visafi, kwa aibu, na sio aibu yake, ni yangu, ila ndoa ndio ilivyo, aibu mnagawana nusu kwa nusu. Mambo ya kijinga nimefanya mengi tu (nilishawahi kumshonea paka ndani ya kochi la mteja, kochi likalia wiki nzima), lakini hili la kule mlimani ndilo nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu najikuta nimefunika uso kwa mikono.

Mimi ni fundi makochi, Sokon One, na mwaka ule tumbo langu lilikuwa linafika kwa mteja, linasalimia, linakaribishwa kiti, ndio mimi natokea nyuma. Nesi wa zahanati akanipima presha, akapima tena, akaitikisa mashine kidogo, halafu akaniambia baba, chumvi punguza, nyama choma punguza, ugali uwe wa ngumi moja sio wa ngumi nne, mboga za majani kwa wingi, na kila siku utembee, ukifika mahali umechoka ulale chali uinuke mara kumi. Jirani yangu Mama Shufaa, mtu wa Tanga, anauza dawa za asili, akaongeza za kwake: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, unatwanga, unakunywa asubuhi (ukipumua karibu na ukuta rangi inabanduka). Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa ni nililoongeza mwenyewe bila kutumwa na mtu, nalo ni nailoni.

Nailoni ile nyeupe ya kufungia makochi mapya. Nikawaza, kochi likifungwa hii na kuwekwa juani linatoa jasho, na halina hata mafuta, je mimi? Nikawa kila nikienda kutembea najizungushia tumboni, kifuani, mapajani, mita ishirini hivi (sawa, saba), nasikia mafuta yanalia.

Sasa mdogo wangu Joeli alikuwa anaposa. Joeli ana arobaini na mbili, posa mbili zilishakataliwa, na hii ya tatu binti mwenyewe anamtaka, anaitwa Naomi, kwao ni juu kule mlimani Meru, unapandia Kikatiti. Baba yake alishafariki, amebaki mama, na mama ndiye mwenye neno. Mshenga ni mimi. Joeli aliniambia siku moja kabla ya kwenda, taratibu, anakaza kamba ya kiatu hata hanitazami: "Kaka, hii ikikataliwa mimi siulizi tena kwa mtu. Nitazeeka na redio yangu."

Mtu mwenye akili angepanda gari na wenzake saa mbili, na sukari na blanketi na soda. Mimi nikasema hapana, leo zoezi halikatwi, suti yangu wekeni kwenye gari, mimi natangulia alfajiri kwa daladala mpaka Kikatiti, halafu napanda mlima kwa miguu, tunakutana getini saa tatu nikiwa mwepesi kama karatasi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Ilikuwa mwezi wa saba, na ukungu wa Meru mwezi wa saba haupiti, unakaa kama mgeni aliyekuja na begi. Nikavua shati nikalifunga kiunoni, nikabaki na nailoni juu, nyingine nikaivaa kichwani kama kilemba kwa sababu ya manyunyu. Kadri nilivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi, ikafika mahali mkono wangu nauona mpaka kwenye kiwiko, vidole navikumbuka tu. Nikaiacha njia nikakata kwenye migomba nipunguze safari. Jamani, kule ndani palikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia. Maji yanadondoka kwenye majani, tii, tii. Mbwa hakuna. Jogoo hakuna, na mlimani asubuhi bila jogoo, hebu fikirieni. Kilichosikika ni nailoni yangu tu, kwacha, kwacha, nami nikasimama kuvuta pumzi, kwacha ikaacha. Halafu ikaja moja nyuma yangu, imechelewa. Nikapiga hatua mbili, nikasimama. Ikaja tena, imechelewa vilevile. Nikajiambia ni jani limeanguka (majani mangapi yanaanguka ukisimama tu?), nikaongeza mwendo, na kwa kweli sikugeuka, kwa sababu nikigeuka ningeona ukungu, na ukungu nilikuwa sitaki tena kuuona.

Nikatokea mbele ya kitu cheupe, kirefu, kimeinuka kutoka chini, kimepigwa tailizi. Nikafurahi, nikajua ni mahali pa kuanikia kahawa. Sasa msiniulize. Sisi huku tunazika migombani nyuma ya nyumba, mtoto wa chekechea anajua, na mimi nimezaliwa huku. Msalaba ulikuwepo, ila mgomba ulikuwa umeuinamia, na akili yangu yote ilikuwa kwenye mara kumi za nesi. Nikapanda, nikalala chali, mvuke unanitoka kama sufuria ya makande, nikaanza kuinuka na kulala. Moja. Mbili. Tailizi ina baridi ile ya kuuma meno.

Nilikuwa kwenye saba nikasikia mtu anakohoa.

Nikajilaza hapo hapo nikakauka. Kwenye ukungu akatokea mama mtu mzima, kitenge kichwani, kibuyu mkononi, akasimama kama hatua nne. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, jamani, ningejua la kufanya. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeongea na mtu wa nyumbani:

"Baba Naomi. Umeamka."

Damu yangu yote ikashuka ikakusanyika kwenye soli za viatu. Nikaelewa nimelala wapi, nimelala juu ya nani, na huyu ni nani, vyote kwa mara moja. Yeye akaendelea, anamweleza kwamba watu wa Sokon wanakuja leo, kwamba kijana ni mkubwa kidogo lakini ana heshima, kwamba amekuja na maziwa amwambie kabla hajamwambia mtu mwingine, na usiku mzima hajalala.

"Sasa niambie," akasema. "Nimpe mtoto, nisimpe?"

Nami nimelala pale, mshenga mzima, kwenye nailoni. Nikamkumbuka Joeli na redio yake. Nikawaza, nikinyamaza huyu mama anaweza kuona mume wake amekataa, na mambo yakaishia hapa. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa, na ikatoka sauti nzito, kama mtu anayeongea ndani ya pipa:

"Mpe."

Mama akafungua kibuyu. Kisha akamimina yale maziwa pembeni, taratibu, mpaka tone la mwisho, akageuka, ukungu ukamfunga. Mimi niliteremka pale kwa kuporomoka, nikakimbia, nikagonga migomba (michache, kama mia), nikaangukia kwenye mbolea ya ng'ombe, nikatokea getini wenzangu ndio wanashusha kreti. Hakukuwa na muda wa kufungua mafundo. Nikajipangusa, nikavaa suti juu ya nailoni, nikaingia.

Sebuleni amekaa Mama Naomi, pembeni yake baba mdogo wa binti, na shangazi wawili. Tukatoa shikamoo zetu, tukaomba dua, ukafika wakati wa mshenga. Nikasimama. Kwacha.

Mama Naomi akainua kichwa.

Nikaanza, jamani wazazi wetu, humu ndani tumeona ua. Akaniambia, "Kaa kwanza, mshenga." Nikakaa. Kwacha. "Simama." Kwacha. "Kaa tena." Watu wote wanasikiliza suruali yangu. Baba mdogo akaja, akanizunguka, akaona kipande kimechungulia kiunoni, akakishika akavuta, na kadri anavyovuta inakuja, inakuja tu, kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi, mpaka imejaa kwenye zulia na harufu ya kitunguu saumu na mbolea imejaa nyumba. Joeli alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamwona anavyoviangalia, na hapo nikashindwa, nikapiga magoti.

"Wewe ndiye uliyenijibu asubuhi?" Mama Naomi akauliza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Kijana hana kosa, hakujua."

"Nilijua ni mtu. Miaka thelathini na moja nimeishi na mzee yule, hajawahi kunijibu swali siku ile ile niliyomuuliza."

Shangazi wakacheka, baba mdogo akacheka, na mimi nikacheka kwa kushukuru, machozi yananitoka. Yeye hakucheka.

"Lakini mshenga, mimi sikuwa nakuuliza wewe. Wewe nilikuona umelala, nikasema huyu mlevi nitamshughulikia baadaye. Nilikuwa namuuliza aliyekaa miguuni pako."

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi mmoja akavuta kanga akajifunika mabega. Joeli ndiye aliyepata sauti, tena ndogo, kama ya mtoto:

"Mama, na yeye alisema nini?"

"Hakusema. Jambo asilolitaka alikuwa ananyanyuka anaondoka, hivyo ndivyo alivyokuwa." Akamtazama Joeli vizuri, kwa mara ya kwanza. "Leo alikaa mpaka maziwa yakaisha."

Basi, wakatupa mtoto. Mimi nikatozwa kondoo wa kusafisha lile kaburi, nikampeleka mwenyewe, mchana, jua kali, nikiwa na watu sita.

Siku hizi natembea kila asubuhi Sokon One mpaka Kimandolu na kurudi, barabarani, kwenye magari na honi, bila nailoni, tangawizi nakunywa, ugali ngumi moja (na nusu), na presha imeshuka. Na nimeapa sitajibu tena swali lolote kabla sijahakikisha ni mimi ninayeulizwa, hata mke wangu akiuliza humu ndani nani kamaliza sukari. Ila lile zoezi la kulala chali nimeliacha kabisa. Watu wakiniuliza nasingizia mgongo. Ukweli ni kwamba nikilala chali siwezi kujizuia kuangalia miguuni.