Breki Nyekundu za Bwana Samahani

Bwana Samahani hakuwa mlevi. Hilo lieleweke mapema, maana mtaani watu walishahadithiana vinginevyo. Alikuwa mtu mwenye kwao, aliyepiga pasi mashati yake mwenyewe, na jina hilo alilipata kwa sababu moja tu: lori lake lilichelewa kusimama. Lilikuwa lori la zamani lenye pua ndefu, na magurudumu yake yote yalitumia breki za drumu, zile zinazobana ndani ya kopo la chuma. Akizikanyaga kwa miguu miwili mbele ya duka la mikate, alisimama kwa kinyozi. Katikati ya hapo alitoa kichwa dirishani akawaomba radhi waliokuwa njiani, mmoja mmoja. "Samahani, dada. Samahani, mzee. Samahani, mama, kuku ni wako?"

Alihamisha vyombo vya watu, akapata riziki yake, na mtaa ukamzoea. Mambo yaliharibika siku alipompelekea binti yake kabati kwa wakwe. Kichochoro cha kwa wakwe kinateremka moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa ua wao, na geti liko pembeni. Mvua ilikuwa imenyesha, drumu zikalowa, lori likapita geti kama halikuliona. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuingia kwa watu bila kupiga hodi. Huyu aliingia na ukuta.

"Karibu tena, mkwe," mama mkwe wa binti yake, mwanamke mpole, alimwambia huku akijikung'uta vumbi la matofali. "Ila siku nyingine uje kwa miguu."

Ukuta ulijengwa upya. Kabati lilikuwa limegeuka kuni, likachongwa jingine, na Jumamosi lilitakiwa lipelekwe.

"Utalipeleka kwa lori hilo hilo, nami nitakaa mbele," alisema mkewe. "Likisimama kabla ya ukuta, tutaishi nalo. Likiugusa tu, Jumatatu linakwenda kwa mnunua vyuma chakavu. Mimi sitazeeka nikitembelea watu kwa kuwabomolea."

Bwana Samahani hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa binamu yake, fundi wa breki anayeitwa Mama Grisi, ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini.

"Mbele tutoe drumu tuweke diski, sahani ya chuma iliyo wazi," alisema Mama Grisi. "Diski hata ikilowa inajifuta yenyewe. Ila vifaa uchague kwa kipimo, si kwa macho. Unanisikia, binamu?"

"Nakusikia."

Hakumsikia. Alifika duka la spea akaona rafuni kalipa mbili nyekundu, za lori kubwa la kisasa, kila moja sawa na boga. Kalipa ndiyo inayoibana diski ili gurudumu lisimame, kwa hiyo alijiambia kwamba kadiri inavyokuwa nene ndivyo inavyobana.

"Hizi zinasimamisha treni," alisema muuza spea.

"Zitanifaa?"

"Mzee wangu, zitakupendeza."

Bwana Samahani akaona amejibiwa.

Kwenye gereji yake, Mama Grisi alijaribu kuingiza kalipa moja ndani ya rimu. Ikagoma. Akaigeuza, akaisukuma kwa goti, akaiweka chini.

"Rimu yako ndogo."

"Itazoea."

"Binamu, hii ni rimu, si kiatu."

"Tukiisaga kidogo kwa ndani?"

"Nikiisaga, wewe utasimama, gurudumu litaendelea na safari."

"Basi tuweke rimu kubwa."

"Rimu kubwa itataka tairi kubwa. Tairi kubwa litakula madigadi. Tukiinua bodi, lori halitatoka kwenye mlango huu. Tutaishia kubomoa gereji, na wewe kwa kubomoa hujambo."

Wakarudi dukani pamoja, Mama Grisi akiviringisha rimu barabarani ili ipimwe mbele ya shahidi. Akachagua diski, kalipa na vishikio vyake, vyote kutoka lori moja dogo. "Hivi ni ndugu wa tumbo moja, havigombani," alisema. Vilikuwa na rangi ya sufuria isiyosuguliwa, na Bwana Samahani akaviangalia kama mtu aliyepewa uji harusini. Mama Grisi akaongeza masta silinda mpya, pampu ya mafuta ya breki, kwa kuwa ile ya zamani ilipimwa kwa ajili ya drumu na isingesukuma mafuta ya kutosha.

"Hiyo ya zamani usiiguse. Imenitumikia tangu sijaoa."

"Imekutumikia? Kamuulize mkweo."

Alichoruhusiwa ni rangi. Kalipa apake nyekundu akitaka, lakini akigusa diski kwa brashi atakatwa vidole. Alipaka kalipa, akajipaka na ncha ya pua.

Jumamosi waliingia kichochoroni, mkewe ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kwa mazoea, Bwana Samahani alikanyaga breki mapema, kwa nguvu zote. Lori likasimama hapo hapo, na kilemba cha mkewe kikamshukia puani. Akaachia, lori likasogea. Akakanyaga, likasimama tena. Wakateremka hivyo, kama chura mwenye haya, mpaka akazima injini.

Yule mama mkwe alitoka getini, akautazama ukuta, akalitazama lori lililokuwa mbali huko juu.

"Mkwe, mbona umeegesha huko? Sogea basi, kabati ni zito."

"Hapa panatosha."

"Breki zina shida?"

"Breki ziko sawa. Nataka nafasi ya hapa hadi ukutani ionekane."

Majirani walikuwa wameshatoka kuitazama. Mkewe alishuka, akaweka kilemba sawa, akashika upande mmoja wa kabati.

"Shika huko, mume wangu. Na Jumatatu usichukue kazi nyingine, kaka yangu anahama."

"Kwa lori hili?"

"Kwani tuna jingine?"

Bwana Samahani akashika upande wake. Alikataa katakata kuligeuzia lori mgongo, akateremka kinyumenyume huku akizitazama kalipa zake, mpaka akaugonga ukuta kwa makalio. Ukuta ulistahimili.