Nilimtungia Mume Wangu Habari za Redio

Nimekosa mimi, wala sitafuti wa kumsingizia.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Karatu. Miaka ile ya sabini alifundisha pia kwaya ya kanisa. Alikipenda mno kipindi kimoja cha redio, dakika tano tu kila siku saa nne asubuhi, kilichoeleza maisha ya watunzi wa muziki wa zamani wa Ulaya. Saa hiyo yeye yuko darasani. Basi akaninunulia daftari, akaniomba nisikilize na kumwandikia.

Mwezi wa kwanza niliandika kweli. Halafu nikachoka. Kipindi kikianza, mimi niko kwa jirani tunapukuchua mahindi na kupiga soga. Jioni nakimbilia daftari na kutunga: huyu alizaliwa maskini, yule aliugua kifua. Jamani, nilidanganya kurasa kwa kurasa! Naye alisoma taratibu, kidole kwenye mstari, akanishukuru. Daftari likajaa, akaleta la pili, na la tatu.

Siku moja nikamtungia kwamba mtunzi mmoja maarufu alifiwa na mkewe mtoni, akaandika wimbo wake mkubwa akimlilia. Mume wangu alitokwa na machozi. Jumapili, tulipopata ugeni kutoka Mbulu, akasimama kuisimulia habari hiyo mbele ya kanisa zima. Padri mgeni, ambaye alisomea muziki, akasema kwa upole kwamba mtu yule hakuoa maisha yake yote. Watu wakacheka.

Mume wangu alinitazama mara moja tu. Akasema, "Kosa ni langu, Padri. Sikusikiliza vizuri."

Nyumbani aliweka madaftari yote mezani na kalamu nyekundu juu yake. "Mama Neema, niwekee alama kwenye yaliyo ya kweli."

Nilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Mimi mwenyewe sikuyajua tena.

Hakunipiga, hakunifokea. Kwaya aliiacha mwezi uleule. Lakini tangu hapo nikimwambia jambo, hata kwamba ng'ombe amezaa, humwita binti yetu kumuuliza kama ni kweli.

Mwaka jana nilimwambia mama yake amezidiwa huko Mang'ola. Akatuma kwanza mtu kwa lori la vitunguu akahakikishe. Alipofika mwenyewe, walikuwa wameshazika.

Ndugu unayesoma, ukiaminiwa hata kwa jambo la dakika tano, lifanye. Ukishindwa, sema umeshindwa. Ningemwambia tu, "Baba Neema, leo sikusikiliza," angecheka, tukala ugali wetu.